Kiunzi cha kolajeni kwa majeraha ya moto na vidonda vya kisukari: tathmini ya muuguzi wa Mtwara

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni karatasi ya kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara wake, inayolazwa juu ya kidonda kikubwa ili mishipa midogo ya damu na nyama changa ziote ndani yake, kidonda kikapata ngozi ya ndani iliyo karibu na ile ya asili badala ya kovu tupu. Wataalamu huiita kiunzi cha ngozi. Nimeifahamu nikiwa kazini, katika chumba cha kufungia vidonda hapa Mtwara mjini, ambako tunapokea watoto walioungua kwa uji na maji ya moto, wagonjwa wa kifafa walioangukia jikoni, na wazee wenye kisukari kutoka Nanyamba, Tandahimba na Newala wanaofika na vidonda ndugu vya nyayo vilivyokaa miezi mingi. Nimeiona ikifanya kazi nzuri kwelikweli, na nimeiona pia ikiyeyuka na kwenda na usaha pamoja na fedha ya familia. Mara chache sana tofauti hiyo ilitokana na karatasi yenyewe. Ndiyo maana naandika kwa urefu, ili anayetaka kuinunua ajue inafaa kidonda gani, inadai nini kabla na baada ya kuwekwa, na ni aina ipi inayohimili mazingira ya huku kwetu kusini.

Ngozi ya binadamu ina matabaka mawili makuu. La juu ni jembamba na hujiotea lenyewe likiharibika. Mtoto aliyebabuka kidogo hupona ndani ya wiki mbili hivi bila alama kubwa, alimradi kidonda kimewekwa safi. La chini, ambalo ndilo nene na ndilo linalobeba mishipa, neva, mizizi ya nywele na tezi za jasho, haliwezi kuota upya likishaungua lote. Hapo mwili huvuta kingo za kidonda zikaribiane, kisha huziba pengo kwa kovu. Mgongoni au pajani kovu hilo huvumilika. Shingoni, kwenye kiwiko, nyuma ya goti au kwenye vidole, kovu huendelea kuvuta kwa miezi mingi baada ya kidonda kufunga, na ndipo tunapoletewa watoto ambao kidevu kimeshikana na kifua, au vidole vimejikunja kwenye kiganja hata kushika kalamu hawawezi. Wakati huo mzazi alikuwa ameshaambiwa kwamba mtoto amepona. Kwangu mimi thamani ya kiunzi hupimwa hapo, kwa kuangalia mkono au shingo ile inaweza kufanya nini mwaka mmoja baadaye, kuliko kwa kuhesabu siku ambazo kidonda kimechukua kufunga.

Waliogundua kwamba kiunzi kinaweza kupunguza mvuto huo wa kovu hawakulitarajia jambo hilo. Ioannis Yannas, mhandisi mzaliwa wa Ugiriki aliyekuwa akifundisha katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, na daktari wa upasuaji John Burke wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, walikuwa wanatafuta kifuniko kitakachoharakisha kupona kwa majeraha ya moto. Vifuniko vyao vya kolajeni havikuharakisha, na kimojawapo kilichelewesha. Walipochunguza, waliona kwamba kidonda kimechelewa kwa sababu kingo zake zimeacha kuvutana, na kwamba chini ya kifuniko ilikuwa inaota ngozi ya ndani. Mwaka 1981 walichapisha matokeo ya wagonjwa 10 waliokuwa wameungua sehemu kubwa ya mwili, na mwaka 1996 bidhaa iliyotokana na kazi hiyo, iitwayo Integra, iliidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Tabaka lake la chini ni kolajeni ya kano za ng'ombe iliyochanganywa na kondroitini inayopatikana kwenye gegedu la papa. Mchanganyiko huo hugandishwa, kisha barafu huondolewa kama mvuke bila kupitia hali ya maji, na mahali palipokuwa na chembe za barafu hubaki vitundu. Vitundu hivyo vinatakiwa kuwa kati ya mikromita (elfu moja za milimita) 20 na 125 hivi: vikiwa vidogo mno seli hazipiti, na vikiwa vikubwa mno seli hazipati pa kushikilia. Kolajeni nayo inatakiwa idumu wiki kadhaa tu, kwa maana ikiyeyuka mapema seli hukosa njia ya kufuata, na ikikawia mno mwili huizungushia kovu kama kitu kigeni. Juu kabisa kuna tabaka la silikoni, linalozuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie mpaka ngozi ya juu ipatikane.

Nimeeleza hayo kwa sababu muuzaji wa dukani mara nyingi huelezea kila karatasi ya kolajeni kwa maneno yale yale, na mnunuzi hawezi kujua kwamba ananunua vitu viwili tofauti kabisa. Kuna karatasi ya tabaka moja, ambayo ni kolajeni peke yake. Kuna karatasi ya matabaka mawili, yenye silikoni juu. Ya kwanza huwekwa, huyeyuka polepole na kumezwa na kidonda, na inaweza kurudiwa baada ya siku kadhaa wakati wa kubadilisha bandeji. Ya pili hukaa kidondani wiki mbili hadi tatu, wakati mwingine zaidi, kisha mgonjwa hana budi kurudi chumba cha upasuaji: silikoni inabanduliwa, na mahali pake panawekwa ngozi nyembamba sana iliyochunwa kwa kisu maalumu kutoka pajani mwake mwenyewe. Bila hatua hiyo ya pili kidonda kipana hakitafunika. Silikoni itaanza kunyanyuka yenyewe, nyama iliyoota chini itabaki wazi, na kazi yote itakuwa imefika nusu ya njia.

Kwa familia ya huku, hili ndilo jambo la kuuliza kabla ya jambo lingine lolote. Anayenunua karatasi ya matabaka mawili awe ameshapata jibu la nani atafanya operesheni ya pili, wapi, na lini, na awe na hakika ya nauli na mahali pa kulala mgonjwa tarehe hiyo ikifika. Nimemwona mama akirudishwa Newala na mtoto wake akiwa na silikoni mkononi, bila yeyote kumweleza kwamba kile kinachong'aa juu ya kidonda kitahitaji kutolewa. Aliporudi, karatasi ilikuwa imefura na inanuka. Alisema neno ambalo bado linaniuma: "Nesi, mimi nilidhani ndiyo ngozi yenyewe." Kituo kilichomruhusu kilipaswa kumwandikia tarehe kwa herufi kubwa na kumweleza kwa lugha yake, na hilo halikufanyika.

Hatua ya kuweka karatasi nitaieleza kwa karibu, kwa kuwa ndugu wengi huwa wanasimama pembeni na wana haki ya kujua kinachofanywa. Karatasi ya tabaka moja ikitoka pakitini ni nyeupe, kavu na nyepesi. Tunailoweka dakika chache katika maji ya chumvi ya dripu, nayo hulainika kama mkate uliochovywa kwenye chai, kiasi kwamba ukiishika kwa pupa inachanika. Tunaikata kwa mkasi kufuata umbo la kidonda, isilalie ngozi nzima, kwani ile sehemu inayopanda juu ya ngozi nzima hukauka, hunyanyuka na kuivuta iliyobaki. Kisha tunaibana kwa ncha za vidole kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa na damu vitoke chini yake. Hatua hiyo ndiyo inayofanywa haraka haraka kuliko zote, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi: damu kidogo ikiganda chini ya karatasi, mishipa mipya haiifikii, na mahali hapo huoza kwanza. Baada ya hapo hushikizwa kwa nyuzi chache, hufunikwa kwa shashi yenye vaselini isiyoganda kidondani, na bandeji hufungwa kwa mkazo wa wastani. Ikiwa ni kwenye kiungo, banzi huwekwa ili kisitikisike. Mtoto akikunja kiwiko usiku mmoja tu, karatasi huteleza.

Lakini yote hayo huanza na kidonda chenyewe. Kiunzi hakina damu wala kinga ya mwili. Siku za mwanzo kinaishi kwa kufyonza majimaji ya nyama iliyo chini yake. Kikilazwa juu ya nyama mfu au juu ya utando wa usaha, vijidudu hupata chakula, kwa sababu vingi kati yake vinaweza kuisaga kolajeni. Kidonda kinatakiwa kikatwe mpaka ibaki nyama nyekundu inayovuja damu kidogo ikiguswa, na kwa jeraha kubwa kazi hiyo hufanywa kwa nusu kaputi. Mgonjwa akiona daktari anaandika karatasi ya kolajeni bila kusafisha kidonda kwanza, aulize kwa adabu, lakini aulize.

Katika karatasi ya matabaka mawili silikoni huwa angavu, hivyo rangi ya chini inaonekana na inatoa taarifa nzuri. Siku za kwanza ni nyekundu ya damu. Baadaye hugeuka waridi, kisha hufifia na kuelekea rangi ya krimu, na hapo tunajua mishipa imeshika. Ukiona doa la zambarau au jeusi chini yake, ni damu iliyoganda, na inaweza kutolewa mapema kwa kutoboa kidogo. Ukiona manjano yenye majimaji, karatasi inayoelea ukiigusa, na harufu, hayo ni maambukizi, na sehemu hiyo ikatwe itolewe siku hiyo hiyo, isingojewe. Rangi hizo huonekana vizuri mchana, dirishani. Kwenye wodi yenye taa hafifu nimezoea kuomba mgonjwa asogezwe kwenye mwanga kabla sijaandika chochote kwenye faili.

Swali linaloulizwa zaidi na wazee wetu halihusu bei. Mzee mmoja mvuvi wa Msangamkuu, aliyeungua mguu kwa petroli ya mashine ya boti, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hiki mnachotaka kunibandika kimetoka kwa mnyama gani?" Nilimsomea pakiti. Ilikuwa ng'ombe. "Basi weka, Mungu atajalia," akasema. Swali lake ni la haki na linastahili jibu la kweli, maana bidhaa za kundi hili hutoka kwa wanyama tofauti. Nyingi ni za ng'ombe. Ipo Oasis, inayotengenezwa kwa utando wa utumbo mdogo wa nguruwe. Ipo Kerecis ya Iceland, ambayo ni ngozi ya samaki wa bahari ya Atlantiki aitwaye cod kwa Kiingereza, iliyoondolewa seli zake na kubakizwa kiunzi cha asili, na ambayo ilipata kibali cha kuuzwa Marekani mwaka 2013. Zipo pia zinazotokana na ngozi ya binadamu aliyefariki na kujitolea. Na ipo NovoSorb BTM ya Australia, iliyobuniwa pamoja na daktari John Greenwood wa Adelaide, ambayo haitokani na kiumbe chochote: ni sifongo ya poliyurethani, aina ya plastiki, inayoyeyuka taratibu mwilini, na inasifiwa kwa kuvumilia maambukizi kuliko kolajeni, kwani vijidudu havipati protini ya kula ndani yake. Katika mkoa wenye Waislamu wengi kama wetu, kumbandika mtu kitu cha nguruwe bila kumwambia ni kumvunjia heshima, hata kama kidonda kingepona. Asili ya karatasi isemwe kabla, kwa Kiswahili, na mgonjwa aamue na watu wake.

Sasa nizungumzie kisukari, kwa sababu ndiko fedha nyingi inakopotelea. Kidonda cha unyayo cha mgonjwa wa kisukari hutokana na mambo yanayokutana: neva zimekufa na mtu hahisi msumari wala kokoto, mara nyingi mishipa ya mguu imeziba, na uzito wote wa mwili unakanyaga mahali hapo hapo kila hatua. Karatasi ya kolajeni haiondoi hata moja kati ya hayo. Upo utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 307 wenye vidonda vya namna hiyo. Kabla ya kugawanywa walipewa siku 14 za matunzo ya kawaida, na waliokuwa wakipona vizuri kwa matunzo hayo peke yake hawakuendelea na utafiti. Waliobaki, ambao ndio hao 307, wengine waliwekewa Integra na wengine waliendelea na bandeji ya unyevu. Wote waliwekewa kifaa cha kuondoa uzito kwenye mguu. Baada ya wiki 16, vidonda vilivyofunga vilikuwa asilimia 51 kwa waliowekewa kiunzi, na asilimia 32 kwa wengine. Kutokana na matokeo hayo bidhaa ilipata kibali cha kutumika kwa vidonda vya kisukari mwanzoni mwa mwaka 2016.

Naomba takwimu hizo zisomwe pande zote mbili. Tofauti ni kubwa na ni ya kweli, na kwa mtu anayekaribia kukatwa mguu ina maana sana. Hata hivyo, karibu nusu ya waliowekewa hawakuwa wamefunga kidonda kwa muda huo, katika nchi yenye kliniki kamili na viatu maalumu, na walioponea bandeji ya kawaida pamoja na kuondolewa uzito walikuwa karibu theluthi nzima. Kwa hiyo mgonjwa akija kwangu na fedha ya karatasi mkononi, huwa namwomba kwanza tuhakikishe sukari inashuka, nyama mfu imekatwa, mapigo ya mshipa yanasikika juu ya wayo na nyuma ya kifundo, na amepata plasta ngumu ya jasi ya kuondoa uzito, au angalau magongo na kiatu kilichotobolewa mahali pa kidonda. Mapigo yasiposikika hatuweki karatasi. Anatakiwa apimwe mishipa kwanza, kwa kuwa kiunzi kitafanya nini mahali ambapo damu haifiki? Kidonda ambacho hakijapungua baada ya wiki nne za kufanya hayo kwa uaminifu, hicho ndicho ambacho ningekubali familia ikitolee fedha.

Na hapa msimu wetu una neno. Kuanzia Oktoba mpaka kuelekea Januari korosho zinaanguka, na mkulima hawezi kukaa kitandani huku korosho zake zinaokotwa na wengine. Fedha nayo hupatikana baada ya mnada, chama cha msingi kikishalipa. Hivyo mgonjwa hununua karatasi akiwa na fedha, ambao ndio wakati huo huo anaotembea kuliko wakati wowote wa mwaka. Nimeanza kuwashauri wanawe badala yake: msimu huu mzee asiende shambani hata kusimamia, fedha ya karatasi iwe ya kumlipa kibarua wa kuokota, na mguu upumzike. Baadhi ya vidonda vimefunga kwa kibarua huyo peke yake.

Kwa upande wa wabanguaji wa korosho, ambao wengi ni kina mama, niseme kwa ufupi tu. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi ya anakadi na kadoli, yanayounguza na kuchubua ngozi ya vidole, na wapo waliowahi kuuziwa karatasi za kolajeni kwa ajili hiyo. Si lazima. Majeraha hayo kwa kawaida huishia tabaka la juu, na tabaka la juu hujiotea lenyewe likipewa nafasi. Wanachohitaji ni glavu, kuosha kwa sabuni na maji mengi mara tu mafuta yanapogusa mkono, na siku za kupumzika kazi hiyo.

Mtu anayenunua kutoka Mtwara au Lindi afikirie pia njia na joto. Bidhaa zilizo na seli hai, kama Apligraf, ambayo imetengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe pamoja na seli za ngozi ya watoto wachanga, zina sifa kubwa katika vitabu, lakini huharibika baada ya siku chache na zinadai joto lisilopanda wala kushuka. Haziwezi kutufaa. Mwezi Mei 2024, baada ya mvua na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa, na mikoa yetu miwili ikakaa bila magari ya kupita. Karatasi kavu ya kolajeni iliyofungwa vizuri inaweza kusubiri barabara itengenezwe; seli hai hazisubiri. Hata hiyo kavu ina mipaka yake, na kikomo cha joto kimeandikwa kwenye pakiti kwa alama ya kipimajoto. Kuna mzigo ulionifikia ukiwa umesafirishwa chini ya basi, katika buti, pamoja na madumu, na pakiti mbili zilikuwa zimepinda mpaka muhuri umeachia. Duka lililotuma, la vifaa tiba huko Dar es Salaam, lilikataa kubadilisha kwa madai kwamba mzigo ukishatoka ni wa mteja. Tangu hapo nawaambia ndugu wa mgonjwa wamtume mtu wanayemjua, abebe pakiti kwenye begi lake ndani ya basi, na azikague dukani kabla ya kulipa: muhuri uwe mzima, tarehe ya mwisho wa matumizi iwe mbali, namba ya toleo iwepo, na muuzaji aonyeshe kwamba bidhaa imesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Asiye na jibu kuhusu usajili asipewe fedha yako.

Kuhusu bei, familia nilizozihudumia zilinunua karatasi ya tabaka moja yenye ukubwa wa kiganja kwa fedha inayokaribia gunia la korosho ghafi, na ya matabaka mawili kwa mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa jeraha la moto la shingo, kwapa, kiwiko au mkono wa mtoto, lililoungua matabaka yote, na daktari wa kupandikiza akiwa ameshapanga tarehe ya pili, iwe hapa mkoani au Muhimbili, ningesema karatasi ya matabaka mawili inastahili hata kama ukoo mzima utachanga, kwa sababu mkono unaokunjuka utamhudumia mtoto huyo maisha yake yote. Kwa paja, mgongo au tumbo, ngozi ya kawaida ya kupandikizwa inatosha, na sioni sababu ya gharama ya ziada. Kwa kidonda cha kisukari ningechagua ya tabaka moja, baada ya masharti niliyokwisha kuyataja, na mapema kabla mfupa haujaingiliwa.

Matarajio nayo yawekwe sawa. Ngozi inayoota kwa njia hii ni laini na inakunjamana vizuri kuliko kovu, ila haioti vinyweleo wala tezi za jasho. Katika joto la Mtwara, mtu aliyepandikizwa sehemu kubwa ya mwili atachoka juani haraka kwa kuwa ngozi hiyo haitoi jasho la kumpoza. Hukauka na kuwasha. Ipakwe mafuta mara kadhaa kwa siku, ikingwe na jua kwa nguo za mikono mirefu, na mazoezi ya kunyoosha kiungo yaendelee kwa miezi, maana kiunzi hupunguza mvuto wa kovu lakini hakiuzuii kabisa. Wazazi wanaoacha mazoezi kwa kuona mtoto ana ngozi nzuri hunisikitisha, kwani ndiyo wiki ambazo kiungo bado kinaweza kufundishwa.

Nina malalamiko mawili kwa wanaoleta bidhaa hizi nchini. La kwanza ni maelezo. Sijaona pakiti hata moja yenye kikaratasi cha Kiswahili, wakati watakaomtunza mgonjwa nyumbani Kitaya au Nangomba ni mama yake na shangazi zake. Ukurasa mmoja ungetosha: karatasi imetoka kwa mnyama gani, ina silikoni au haina, itolewe lini, na dalili zipi zimrudishe mgonjwa hospitali usiku huo huo. La pili ni ukubwa. Madukani ninakoagiza hupatikana karatasi za sentimita 10 kwa 10 na kuendelea, ilhali kidonda cha kisigino mara nyingi hakifiki sentimita 3. Pakiti ikishafunguliwa haihifadhiki, kwa hiyo zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za kitu kilichonunuliwa kwa gunia la korosho huishia kwenye ndoo ya taka za wodini, mbele ya macho ya aliyekilipia. Pakiti ya sentimita 5 kwa 5 ingewafaa wagonjwa wetu wa kisukari kuliko ofa yoyote, na muuzaji atakayeileta huku kusini nitawaelekeza wagonjwa kwake.